Kichwa cha tausi

Leo jioni nimelishika tena lile bakuli dogo la zambarau, lenye mawimbi meupe yaliyojipenyeza ndani ya kioo mithili ya marumaru. Aliyeniuzia alisema ni la Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo huko Venisi, nami nikamwamini kwa sababu ya rangi. Rangi hiyo ndiyo iliyonipoteza miezi yote hii.

Safari hii nikaligeuza kwanza. Katikati ya kitako hakuna kovu, lile linalobaki fundi anapokivunja chombo kutoka kwenye fimbo ya chuma. Ubavuni ipo mishono miwili myembamba ya kalibu. Hiyo peke yake haitoshi, maana hata kioo cha kupulizwa ndani ya kalibu huwa na mishono. Nikapitisha kidole kwa ndani: laini kabisa, ilhali nje kuna nakshi. Kilichopulizwa huifuata nakshi hadi ndani. Hiki kilishindiliwa, yaani kioo cha moto kilikandamizwa ndani ya kalibu, kwa hiyo Murano nikaiweka kando.

Zambarau ya marumaru ilikuwa fahari ya kaskazini mashariki mwa Uingereza katika karne ya 19. Viwanda vya Sowerby na Davidson vya Gateshead viliitengeneza, na kile cha Greener cha Sunderland pia. Ukiviweka vyombo vyao pamoja, rangi haikuambii kitu. Wanyama waliochapwa kama alama ya kiwanda ndio wanaosema: Davidson alitumia simba juu ya mnara, Greener naye simba, Sowerby kichwa cha tausi.

Nikazima taa ya chumba, nikamulika tochi kwa ubavu ili kila kibonyeo kitoe kivuli. Mdomo wa ndege ukajitokeza, kisha kishungi. Moyo ulinidunda kweli! Kando yake kuna alama ndogo ya umbo la almasi, iliyofutika, juu yake namba III, daraja la vioo katika usajili wa mitindo wa Uingereza. Almasi hiyo ilitumika kati ya 1842 na 1883. Lakini huonyesha siku mtindo ulipoandikishwa, si siku bakuli lilipotoka kiwandani. Kalibu nzuri iliweza kufanya kazi miaka mingi. Wauzaji wengi hulisahau hili, na linaniudhi.

Alama ya tausi ilisajiliwa 1876. Kwa hiyo kwenye kikaratasi nilichokiweka ndani ya bakuli nimeandika: Sowerby, Gateshead, si kabla ya 1876. Lile neno Murano nimelikata kwa mstari mmoja, bado linasomeka.