Simu ni yangu, chaguo ni la nani?

Jana jioni nimepanda nganya ya Rongai hapo tao, matatu ya michoro, ile ya watu 33, vichwa vyote vimeinama kwa simu na naskia wimbo uleule ukitoka viti vitatu tofauti, sekunde zilezile. Iliniuma. Kando yangu mama mmoja alikuwa anafuma sweta ya mtoto, uzi wa kijani, vidole vinaenda mbio hata haangalii.

Mnakumbuka sheria za matatu za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, 2004? Kila matatu ikapigwa mstari wa njano, zikafanana zote, lakini michoro ilirudi kwa sababu vijana walikataa. Hiyo ilikuwa amri, unaiona, unabishana nayo. Hii ya sasa hakuna mtu ametuamrisha, programu inatuletea kitu kimoja sisi wote halafu kila mtu anasema amejichagulia. Na kuitupa simu siwezi, nauli iko humo, rent iko humo, tangu M-Pesa ije 2007 simu ndio mfuko.

Nikazima data. "Mama, huu uzi umeutoa wapi?" Soko la Gikomba, akasema, kisha akanionyesha mkono wa kushoto wa sweta mahali alikosea akaamua kuacha hivyo tu.