Kibali cha ujenzi Makambako: kumbukumbu kabla ya kuchimba msingi

Februari

Kiwanja kimepimwa, barua ya toleo (ya kupewa kiwanja) ninayo, kodi ya ardhi imelipwa. Mpango ni nyumba ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma, paa la bati. Fundi angependa tuanze sasa hivi. "Mama, kibali utafuatilia huku tunajenga, wenzio wote wanafanya hivyo." Nimemwambia hapana. Mji wetu uko njia panda: barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa, na ya Njombe hadi Songea inaanzia hapa. Watu wa mahali kama hapa wanaijua X nyekundu ukutani, alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa kwa kuwa imeingia kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda usiojengwa. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kisha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaleta mita 30. Kiwanja changu kiko mbali na lami, ila nataka hilo lithibitishwe kwa muhuri.

Leo tumetafuta bikoni, alama za wapimaji kwenye kona za kiwanja. Tatu zilionekana upesi, ya nne ilikuwa chini ya nyasi na udongo karibu na miti ya milingoti. Nashauri kila mtu aanze na hili. Mchoraji asiyezijua bikoni zako anachora nyumba inayoelea hewani.

Machi

Mwezi wa michoro. Nilikuwa nadhani ramani ni vyumba na milango. Halmashauri inataka zaidi: namba ya kiwanja na mahali kilipo, jina la mmiliki, jina la mchoraji na ujuzi wake, matumizi ya jengo, umbali kutoka ukutani hadi kila mpaka, mchoro wa msingi na wa paa, sura ya nyumba kwa kila upande, na majitaka yataelekea wapi. Kwa nyumba ya chini hiyo inatosha; ghorofa huongezewa michoro ya mhandisi ya nguzo, mihimili na nondo.

Kwenye majitaka ndipo tumekaa sana. Mchoraji alikuwa ameweka karo na shimo la majitaka nyuma, kwenye kona, kwa kuwa kona ile imebaki wazi. Nyuma ya kona hiyo, upande wa pili wa mpaka, kuna kisima cha mzee jirani. Nilikwenda kwake jioni. "Kamwene, baba." "Kamwene, mwanangu." Akanionyesha maji yanavyopanda masika hadi anachota kwa kamba fupi. Ardhi inaelekea kwake, kwa hiyo uchafu wangu ungekwenda kwake. Tumehamishia shimo upande wa mbele, penye nafasi na ambako gari la kunyonya litafika bila kuvunja ukuta. Nyumba imesogea nyuma kidogo, na jiko limegeuka. Sasa naipenda ramani hii kuliko ile ya kwanza, na mzee ataendelea kunywa maji yake.

Aprili

Nilitamani fremu moja ya duka mbele, ya kupangisha. Afisa mipangomiji alifungua barua yangu ya toleo akaniwekea kidole kwenye mstari wa matumizi: makazi. Kuongeza biashara ni kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na hayo yana njia yake, pamoja na kutangaza ili majirani wasikike. Nimeamua fremu isubiri. Nimeacha nafasi yake kwenye mchoro, pabaki bustani kwa sasa.

Mei na Juni

Maombi yameingia kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ada ya uchunguzi imelipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Baada ya hapo ni kazi ya wataalamu: mipangomiji, ardhi, afya, mhandisi. Walikuja kiwanjani na kupima wenyewe. Bwana afya aliuliza kuhusu kisima kabla sijasema neno, na nilifurahi kuwa na jibu.

Mhandisi alitazama zaidi paa. Upepo wa Makambako haumhitaji mtu wa kuusimulia. Mwenye bati huku anausikia usiku. Alitaka kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zifungwe kwa vyuma vilivyozamishwa ndani ya zege la mkanda wa juu, si kupigiliwa misumari kwenye mbao zilizolala juu ya tofali. Ni gharama ya nondo chache. Fundi wangu, ambaye ni mtu mzuri na mikono yake naiamini, alinung'unika, kisha akakubali kwamba amewahi kurudishia watu bati zilizookotwa mashambani.

Julai

Kibali kimetoka. Nakala moja ya michoro yenye muhuri itakaa kiwanjani, na ya kwangu ipo ndani ya mfuko wa nailoni kabatini. Sharti la kukumbuka ni kuita ukaguzi hatua kwa hatua: kamba za msingi zikishavutwa, msingi, jamvi (zege la sakafu), linta (zege juu ya milango na madirisha), mkanda, kupaua. Pia ujenzi uanze ndani ya miezi sita.

Kamba zimevutwa jana kufuata bikoni zote nne. Fundi amepima mshazari mara mbili, vipimo vinalingana. Tunamsubiri mkaguzi Jumatatu. Mawe yameshafika, mchanga bado. Bei ya lori imepanda tangu mvua ziishe, nitaandika gharama zote za msingi nikishamwaga jamvi.