Pesa ya matangazo ya mitandaoni inarudi? Nilivyopata jibu kwa biashara yangu ya mapazia

Wafanyabiashara wenzangu wamegawanyika. Kuna wanaosema biashara matangazo, na asiyeonekana mtandaoni siku hizi asitegemee kuuza. Kuna wanaowajibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo hela ya kulipia matangazo Facebook na Instagram ni afadhali iongeze mzigo dukani. Mimi nashona na kuuza mapazia, na nilichoka kusikiliza pande zote mbili bila kuwa na jibu la biashara yangu mwenyewe. Sasa ninalo. Matangazo ya mitandaoni yananilipa, na ninalo daftari linaloonyesha yananilipa wapi na hayanilipi wapi. Ila faida yenyewe haikutoka pale wauzaji wa huduma za mitandao walipokuwa wakiniahidi, ndiyo maana nimeona niandike.

Nianze na vitu nilivyokataa kuvihesabu. Laiki, wafuasi na idadi ya waliotazama havikuingia kwenye daftari langu. Pazia halinunuliwi kila wiki. Mtu akishapamba madirisha yake anaweza kukaa miaka kabla hajarudi. Wengi wanaoipenda picha ya sebule nzuri wanaipenda sebule, basi, na baadhi yao ni mafundi wenzangu wanaochungulia mshono. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja: mwezi ukiisha, je, faida iliyotokana na wateja walioletwa na tangazo imezidi kiasi nilicholilipia tangazo? Nasisitiza faida. Kitambaa kina gharama, fundi ana ujira wake, ringi na fimbo zinanunuliwa, na kwenda kufunga pazia nyumbani kwa mteja kuna nauli. Ukilinganisha pesa ya tangazo na mauzo yote, hesabu itakupendeza kila mara na mfukoni hutaiona.

Chombo changu kikubwa kimekuwa swali la kawaida kabisa. Kila mteja mpya, kabla hatujafika kwenye rangi, namwuliza alitufahamuje. Jibu linaingia kwenye daftari la oda, safu ya mwisho, kando ya jina, namba ya simu, vipimo vya madirisha na kiasi alicholipa. Wengi hujibu "nimewaona mtandaoni", na hapo huwa siishii. Ulikuwa unatufuata tayari, au tangazo lilikukuta tu? Au kuna mtu alikutumia picha? Majibu haya hayalingani thamani. Mteja aliyetumiwa posti na dada yake ameletwa na dada yake. Mtandao ulibeba ujumbe tu, na ungeubeba bure.

Namkumbuka mama mmoja aliyeniambia "nimewaona Instagram". Nikaandika Instagram. Tulipokuwa tunapima dirisha la pili, yeye ameshika ncha ya futi na mimi ncha nyingine, akaanza kunisimulia jirani yake ambaye pazia zake tulizifunga sisi. Kumbe alizipenda akiwa kwa jirani, akauliza jina la biashara, ndipo akaingia Instagram kutafuta namba yetu na kuangalia kama tuna rangi ya kijivu. Nikarekebisha safu ya mwisho hapo hapo. Baada ya hapo nilianza kusikia maelezo kama yake mara nyingi, nikaelewa kwamba ukurasa wetu unafanya kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kumleta mtu asiyetujua kabisa. Ya pili ni kumtoa wasiwasi mtu ambaye ameshaambiwa habari zetu. Hii ya pili haihitaji kulipiwa hata senti. Inahitaji picha safi za kazi tulizofanya kweli, namba ya simu inayopatikana, na posti ambazo si za mwaka juzi. Naiona kuwa ya lazima kwa karibu kila biashara, hata ile isiyokusudia kulipia tangazo lolote.

Ripoti za mtandao hazikuwahi kulingana na daftari, na nilipofuatilia nikaona kwamba haziwezi kulingana. Kwa kawaida, mfumo wa matangazo wa Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, huhesabu kwamba mauzo yametokana na tangazo ikiwa mnunuzi alilibofya ndani ya siku 7 zilizotangulia, au aliliona tu, bila kubofya, ndani ya siku 1. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyekuwa njiani kuja kwako tayari anaweza kuandikwa kwamba ameletwa na tangazo. Kwa upande mwingine, anayeona tangazo, akanakili namba na kupiga simu, hasomeki popote. Halafu Aprili 2021 Apple ilianza kuzitaka programu za iPhone ziombe ruhusa kabla ya kufuatilia nyendo za mtumiaji kwenye programu na tovuti za wengine. Pigo hilo halikuwa dogo: Februari 2022 Meta yenyewe ilikadiria kwamba lingeipunguzia mapato kwa takriban dola bilioni 10 mwaka huo. Kama wenye mtandao wanahangaika hivyo kujua nani kanunua kwa sababu ya tangazo, mimi mwenye cherehani na daftari sina sababu ya kuzikabidhi ripoti zao uamuzi wa mwisho. Nazisoma, lakini anayeamua ni daftari.

Hata daftari nalo lina kasoro, kwa sababu watu husahau walikotuona. Ndiyo maana nikafanya jaribio la pili, ambalo ningemshauri kila mwenye biashara alifanye japo mara moja: nilizima matangazo yote ya kulipia. Posti za kawaida ziliendelea, bei hazikubadilika, na nilichagua kipindi kisicho cha sikukuu, maana sikukuu watu hununua mapazia hata usipowaambia. Kisha nikayawasha tena katika kipindi kinachofanana na kile, nikalinganisha.

Wenzangu wa "chema chajiuza" walikuwa na uhakika kwamba hakuna kitakachobadilika, na walikuwa na mifano. Mwaka 2017 Procter & Gamble, kampuni kubwa ya sabuni na bidhaa za nyumbani, ilipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo moja tu ya mwaka, ikasema haikuona athari kwenye mauzo yake. Aprili 2018 JD Wetherspoon, kampuni ya baa za Uingereza, ilifunga akaunti zake za Facebook, Twitter na Instagram. Novemba 2021 Lush, watengenezaji wa sabuni na vipodozi, nao walijitoa Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat. Mifano hii ni ya kweli na ina uzito wake. Lakini sabuni za Procter & Gamble zimeshakaa kwenye rafu za maduka duniani kote, na baa ina mlango unaoonekana barabarani. Anayekunywa hahitaji kuoneshwa kwamba baa ipo. Chema chajiuza, naam, lakini kwa yule aliyekwisha kukiona.

Jaribio likanipa jibu ambalo sikulitegemea kuwa wazi hivyo. Matangazo yalipozimwa, wateja wa zamani waliendelea kurudi na walioelekezwa na ndugu na majirani waliendelea kuja, bila tofauti ya kushika mkononi. Waliopungua ni wageni, wale wasio na yeyote wa kuwaambia habari zetu, na walipungua kwelikweli. Nilipoyawasha, wakarudi. Hapo nikajua nalipia nini hasa: nalipia wageni. Sasa swali likawa kama faida ya hao wageni inatosha kulipa gharama ya kuwapata.

Daftari lilikuwa na jibu hilo pia, nalo lilikuwa na sura mbili. Mgeni anayetaka pazia la dirisha moja, nikitoa kitambaa, fundi, nauli na sehemu yake ya tangazo, hakuniachia kitu. Mgeni anayehamia nyumba mpya na kutaka madirisha yote aliniachia faida nzuri, na mara nyingi ndiye aliyekuja kutuletea jirani zake baadaye, ambao hao sikuwalipia chochote. Basi nikaligeuza tangazo limzungumzie huyo wa pili. Maneno yakawa kwamba tunakuja kupima nyumba nzima na kufunga siku moja. Wa dirisha moja bado anakaribishwa akija mwenyewe. Ila tangazo halimtafuti.

Kwenye kulipia kwenyewe kuna mambo mawili ya kiufundi yaliyonisaidia sana. La kwanza, Facebook na Instagram hazimpi nafasi mwenye hela nyingi tu. Nafasi huamuliwa kwa mnada, na mnada huo huangalia kiasi ulicho tayari kulipa, uwezekano kwamba mtazamaji atafanya kile unachotaka afanye, na ubora wa tangazo. Tangazo linalowagusa watu hupata nafasi kwa bei nafuu kuliko tangazo bovu lenye hela nyingi. La pili, mfumo hukutafutia watu kulingana na lengo ulilochagua. Ukiomba laiki, utatafutiwa watu wepesi wa kulaiki. Mimi huchagua lengo la ujumbe, ili anayebofya aingie moja kwa moja kuzungumza nasi WhatsApp. Wanaolaiki wamekuwa wachache, wanaouliza wamekuwa wengi, nami nimeridhika.

Na tangazo lililofanya vizuri kuliko yote halikuwa lile bango la rangi kali lenye neno PUNGUZO. Ni video fupi iliyochukuliwa kwa simu mchana wa jua: mkono unavuta pazia zito, mwanga unakatika kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, zinasikika ringi zikiteleza kwenye fimbo, chumba kinakuwa giza. Hakuna muziki, hakuna maneno. Mtu anayefanya kazi ya usiku na kulala mchana akiona video ile haulizi sifa za kitambaa. Anauliza tutakuja lini kupima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini ndilo linaloamua kama pesa inarudi au hairudi. Tangazo haliuzi. Tangazo linaleta swali, na swali lenyewe karibu kila mara ni "bei gani?" Mauzo yanategemea nani anajibu, anajibu nini, na anajibu baada ya muda gani. Nilipolinganisha mazungumzo yaliyozaa oda na yaliyofia njiani, kilichoyatenganisha zaidi ya bei yetu ni muda wa kungoja. Aliyejibiwa akiwa bado ameshika simu aliendelea kuzungumza. Aliyejibiwa kesho yake alikuwa ameshamwuliza mtu mwingine. Na maswali mengi huja jioni, watu wakiwa wametulia nyumbani wakiyaangalia hayo madirisha yao, saa ambazo duka limefungwa.

Kwa hiyo nilimpa binti mmoja wa hapa dukani kazi ya kushika simu ya biashara jioni, na ujira wake wa saa hizo nauhesabu kama sehemu ya gharama ya tangazo. Tunatumia WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018, kwa sababu ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za kumtenga aliyeuliza na aliyekwisha kulipa. Bei ya mita tumeiandika wazi kwenye katalogi. Mtu akiandika "Dada, bei gani hii?", binti hamtupii namba na kunyamaza. Humjibu: "Karibu sana dada. Bei ya mita ni hiyo iliyoandikwa hapo chini ya picha. Nitumie picha ya dirisha lako, nikukadirie mita ngapi zitatosha." Picha ikija, tunajua huyu ni mnunuzi. Tunaona kama fimbo ipo, kama dirisha limegusa dari, kama kuna kiyoyozi kitakachozuia pazia. Mtu aliyepiga picha dirisha la chumbani kwake na kukutumia amekwisha kukuamini kiasi.

Bure ya mitandao nayo haipo kama watu wanavyodhani. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara na vyombo vya habari, na mtu yeyote mwenye ukurasa anajua posti isiyolipiwa huwafikia wafuasi wachache. Sijichoshi kuposti kila siku. Naposti kazi inapokamilika, kwa ajili ya yule anayekuja kuthibitisha. Na namba za wateja nazitunza mwenyewe kwenye daftari, kwa ridhaa yao. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kwa takriban saa 6, na biashara ambayo wateja wake wote wako ndani ya programu hizo haikuwa na pa kuwapatia. Ujumbe wa kawaida wa simu bado unafika.

Kwa mwenye bidhaa ya faida ndogo, inayonunuliwa mara moja na mtu asiyerudi, nisingemshauri alipie matangazo. Atumie ukurasa kama kitambulisho chake na ahudumie vizuri anaoelekezewa. Kwa mwenye kazi ya oda kubwa, au ambaye mteja mmoja huleta wengine, alipie, mradi ana mtu wa kujibu. Mimi nayalipia kwa vipindi. Wiki ambazo mafundi wameshapokea oda za kuwatosha nayazima kabisa, kwa sababu mgeni niliyemlipia kisha nikamwambia angoje mwezi mzima huenda kwa mwingine, na nauli ya kumtafuta nimeilipa mimi.