Koasta-nyumba, kumbukumbu ya 9: nati mbili zilizogoma

Kumbukumbu hii ilikuwa iwe ya tangi la maji. Tangi lipo, la lita 100, limekaa uani chini ya mwembe pamoja na mabomba yake yote, na kuku wameshalifanya kitanda. Litaendelea kukaa. Wiki tatu zangu zimeliwa na nati mbili za tairi, na leo saa kumi jioni ya mwisho imeingia mahali pake, kwa hiyo naandika mikono ikiwa bado ina grisi.

Kwa waliosahau, gari ni Koasta iliyokuwa daladala, ninaigeuza nyumba ya kusafiria. Kioo cha nyuma bado kina maandishi ya "Haraka ya Nini", sijayabandua, na nyumbani wote wanaliita Haraka. Vitanda viko, jiko la gesi liko, sola iko, friji bado. Tukasema tufanye safari ya majaribio: kutoka Tabata, tupite daraja la Kigamboni, tukalale usiku mmoja ufukweni Kimbiji, kesho yake turudi. Mimi, Mama Nuru, Nuru mwenyewe wa miaka kumi, na shemeji yangu aliyekuja kwa ajili ya samaki tu na hakuficha.

Hatukufika.

Tumeshaipita Kibada, bodaboda mmoja akatusogelea ubavuni, anapiga honi na kunyoosha kidole nyuma. "Mzee, tairi la ndani limelala!" Nyuma, kushoto, la ndani. Wenye matairi pacha, mawili mawili kila upande wa nyuma, mnajua jinsi linavyokufa kimya: la nje linabeba, usukani haukwambii kitu, wewe unaendelea na stori. Nilipoligusa la nje nikautoa mkono upesi, lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Ubavuni mwake pameandikwa 117/116, maana yake linaruhusiwa kubeba kilo 1,285 likiwa peke yake na 1,250 likiwa na mwenzake. Nilipolipeleka gari kwenye mizani mwezi uliopita, kona ile ilisoma kilo 1,480. Kwa hiyo habari ya kujikongoja polepole hadi kwa fundi ikaishia hapo. Na ule ujanja wa kupandisha gari kwenye ubao ili tairi moja lining'inie haukusaidii kama lililokufa ni la ndani.

Chanzo nitakipita haraka kwa sababu kinaniaibisha. Ni kirefusho cha valvu, kilekile nilichojisifia kwenye kumbukumbu ya 7 kwamba sasa napima upepo wa tairi la ndani bila kulala chini. Sikukifunga kwenye rimu. Kikawa kinachezacheza kwenye tundu mpaka shingo ya valvu ya tyubu ikakatika. Hakuna msumari wala jiwe, ni kazi ya mikono yangu.

Shemeji akakata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu. Trayango zangu nazo niliziweka, lakini barabara zetu dereva huamini tawi kuliko trayango. Mama Nuru akaziba matairi ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma. Hilo la mawe msilichukulie utani: handibreki ya Koasta inashika shafti nyuma ya giaboksi, haishiki magurudumu. Ukiinua upande mmoja wa nyuma, difu inauachia ule ulio hewani, na gari linaweza kuondoka wewe ukiwa chini yake.

Tukaja kwenye nati.

Kushoto hufunguliwa kinyume, hilo sihitaji kumweleza mtu mwenye gari la Kijapani la aina hii. Ziko sita, na kila moja ni mbili: ya nje ya milimita 41 inayobana tairi la nje, na ndani yake kikofia chenye kichwa cha mraba cha 21 kinachobana la ndani. Zote za kushoto hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikajiona fundi. Ya tano ikagoma. Nikaiacha nikaenda ya sita, nayo ikagoma.

Nikachomeka bomba la maji la mita moja kwenye mpini wa spana nikasimama juu yake. Nina kilo 78, kwa mita moja hiyo ni nguvu ya kuzungusha ya zaidi ya Nm 750, na hapo sijaanza kuruka. Nikaruka. Nikamwagia dizeli, nikasubiri, nikaruka tena. Shemeji akasema niigonge kwa nyundo, nikaigonga. Akasema niiombee. Yule bodaboda, Mungu ambariki, alikuwa ameshaenda kumleta fundi pancha kutoka kwenye kibanda chake chenye tairi bovu lililoandikwa PANCHA kwa chokaa. Fundi akaja na bomba refu kuliko langu, akaangalia, akasonya. "Hii bosi imekazwa na mashine."

Saa saba mchana, jua la utosi. Dakika arobaini. Tukapanda wawili kwenye bomba, wa tatu anashikilia spana isichomoke. Nati ya tano ikaanza kutembea! Tukashangilia. Ikatembea robo, ikatembea tena kidogo, halafu paa! Sote watatu chini.

Stadi, ile boliti ya gurudumu ambayo nati hufungwa juu yake, ilikuwa imekatika. Nati, kikofia na kipande cha stadi vyote vikaangukia mchangani.

Nuru akaviokota. Nilitaka kumwambia aviweke chini, ni vya moto, lakini yeye alishaanza kukisugua kikofia kwenye jiwe kama watoto wanavyosugua kila kitu. "Baba, mbona hii ina R?"

Nikazichukua zile nne zilizokuwa zimelala kwenye khanga ya mama yake. Nikazikwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi ya silva, ambayo mwenye gari wa zamani aliipaka magurudumu mazima yapendeze, kulikuwa na L, L, L na L. L ni meno ya kushoto, hufunguka kama mshale wa saa; R ni ya kulia, hufunguka kinyume chake kama nati za kawaida.

Mwenzangu msomaji, tulikuwa tunakaza. Watu wazima watatu, dakika arobaini, jua lile, tunaikaza nati ya R kwa bomba la mita moja na nusu. Ule mtembeo tulioushangilia ulikuwa stadi inavutika. Fundi pancha alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Sasa hiyo nyingine jaribu kawaida." Nikaikwangua kwanza. R. Nikaizungusha kama unavyofungua mfuniko wa chupa. Kwa kuwa tulishaikaza haikutoka kirahisi, ililia kama mbuzi, lakini ilitoka.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kawaida. Jeki ya chupa ilizama mchangani mara mbili mpaka tulipoiwekea kipande cha mbao ya mninga nilichokiokota Keko. Tangu siku hiyo kipande hicho hakishuki garini, kina heshima kuliko friji niliyonayo ndotoni. Tairi la akiba likaingia ndani, tukarudi Tabata kwa stadi tano, kilomita 40 kwa saa, tukisimama mara mbili kukaza upya: nati moja moja, unalegeza ya nje, unakaza kikofia, ndipo unarudisha ya nje. Ukikaza ya nje peke yake kikofia kinaweza kuwa kimelegea na usijue. Shemeji alipata samaki wake Buguruni njiani. Sato. Tumekwenda baharini tumerudi na samaki wa ziwani.

Jumamosi iliyofuata, Gerezani. Nataka stadi mbili za L na nati zake. Duka la kwanza hakuna. La pili hakuna. La tatu kijana ananiwekea boksi mezani na kusema: "L zimeisha bosi, chukua R, inaingia vilevile."

Nikacheka mpaka akaniona mgonjwa. Maana hapo ndipo nilipomwona fundi wa zamani wa Haraka, amesimama kaunta kama hii, daladala liko juu ya jeki, kondakta anapiga simu kila dakika tano hesabu ya tajiri haijatimia, na mtu anamwambia inaingia vilevile. Na ni kweli, inaingia. Meno ya shina yanayoshika kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, ni yaleyale. Ukishafunga na kupaka silva, hakuna mwenye macho ya kuona.

Watu wameniambia hatari ni kwamba R ikiwa kushoto italegea yenyewe gari likizunguka, na ndiyo sababu Wajapani waliweka L huko. Sawa. Lakini malori ya Ulaya yana R pande zote mbili na yanakwenda Tunduma na kurudi kila wiki. Nati zao ni za muundo mwingine, najua, ila mimi ugomvi wangu si na R. Ugomvi wangu ni kuchanganya halafu kunyamaza. Fundi yule angeniachia hata alama ya msumari kwenye rimu ningemwombea dua.

Duka la saba ni meza tu, na mzee amekaa kwenye kigoda na makopo ya maziwa yamejaa stadi za zamani. "Shikamoo mzee. Natafuta L za Koasta ya nyuma." "Marahaba. Ngapi?" Hakusoma herufi. Alitia mkono koponi, akapitisha ukucha kwenye meno ya kila moja, mbili akaziweka mezani. Sh 50,000 zote na nati zake, nikampa bila kuomba apunguze, jambo ambalo Gerezani ni kama tusi. Akanirudishia elfu tano mwenyewe.

Kuzifunga ni ile kazi mnayoijua: ekseli nje, habu nje, dramu nje. Mimi stadi mpya siipigi nyundo, naivuta kwa nati na washa nne zilizopangwa mpaka ikae, polepole. Kipande kilichokatika kilitoka kwa nyundo mbili. Ila ukishatoa habu huwezi kuirudisha na sili ileile, na sili niliyoinunua ilikuwa kubwa kwa unywele mmoja, ikavuja oili kwenye brekshuu, nikatoa kila kitu upya Jumapili ya pili. Sitaki kuiongelea zaidi.

Vifaa sasa, maana nimepata maoni. Jirani ana mashine ya umeme ya kufungulia nati, ya betri, na kila mtu ananiambia ningekuwa nayo nisingeteseka. Ningekuwa nayo ningekata stadi zote mbili kwa sekunde kumi. Ile kitu ina nguvu lakini haina masikio. Nilichonunua ni spana ya gia, ile ya kuzungusha kwa mkono ambayo madereva wa malori wanayo: unazungusha mpini mara hamsini na kitu nati itembee mzunguko mmoja. Ni ya kuchosha. Lakini mkono unasikia. Ikianza kuwa nzito badala ya nyepesi unajua unakwenda upande usio, unasimama, unakwangua, unasoma. Mama Nuru ameijaribu akiwa amekaa kwenye kigoda, nati zote sita, akiongea na simu. Bomba la mita moja nimelirudisha kwenye mambo ya maji ambako lilitoka.

Kakompresa kale ka kuchomeka kwenye soketi ya sigara nimekauza. Kujaza tairi hizi kwa hicho ni kusubiri mpaka kenyewe kanukie moto kabla ya nusu ya upepo. Na hapa ndipo tangi la maji lilipokufa rasmi: wakati habu iko nje nililala chini ya gari nikaona nafasi kati ya chesisi na ngazi, inatosha mtungi wa upepo wa lori. Nina rafiki ana mtungi. Kompresa ya kufungwa kwenye mkanda wa injini nimeshaiona Ilala. Nimechora michoro minne. Ukiwa na upepo wako mwenyewe una honi pia, ila sijamwambia mtu nyumbani habari ya honi.

Virefusho vya valvu vimerudi, safari hii kila kimoja kina kishikizo kilichofungwa kwenye rimu kwa boliti yake. Kilomita 60 mpaka sasa, Tabata na Kibaha na kurudi, upepo haujashuka.

Leo, nati ya mwisho ilipoingia, nikaona nimalize kabisa. Brashi ya waya, tina, kitambaa, nitoe silva yote magurudumu sita na kupaka herufi upya: L njano, R nyekundu, mtu yeyote aone hata usiku. Kushoto nyuma, L sita. Kushoto mbele, L sita. Kulia mbele, R sita. Nikahamia kulia nyuma huku napiga mluzi. R. R. R. R.

Ya tano nikasugua mara tatu, nikamwita Nuru aje anisomee.

"L, baba."

Stadi moja nzima ya R ninayo, ile niliyoitoa kushoto, lakini imeshavutwa na wanaume watatu, siirudishi kwenye gari. Jumamosi Gerezani tena.