Kishika uchumba cha makabati kilivyonifikisha masijala ya ufilisi

Fundi mmoja wa makabati hapa Columbus, Marekani, alichukua kishika uchumba, yaani malipo ya kutanguliza, cha dola 1,800 mwezi Aprili 2025, akapima jiko langu mara mbili, akaniachia kipande cha ubao nichague rangi, kisha akapotea. Mwanzoni simu yake ilikuwa ikiita bila kupokelewa. Baadaye ikawa haiiti kabisa. Nilikaa miezi nikimlaani kimoyomoyo, mpaka mama mmoja wa Mombasa tunayeishi naye jengo moja akanicheka: "Mwanangu, bado unamngoja yule? Si ameenda kujitangaza mufilisi! Nenda mahakamani ukasome, mambo hayo hayafichwi."

Nikaenda mahakamani. Kumbe si mahakama yenyewe.

Niliingia mahakama ya kaunti, ile ninayoijua kwa sababu ya faini ya gari. Nikapanga foleni, nikaandika jina la fundi kwenye karatasi, na msichana wa dirishani akaitazama kama mtu aliyeletewa barua ya nyumba nyingine. Hapa Marekani kesi za ufilisi hazisikilizwi na mahakama za kaunti wala za jimbo. Ni kazi ya mahakama za shirikisho. Nchi nzima imegawanywa katika wilaya za mahakama 94, na huku Ohio tunazo mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Sisi wa Columbus tumo Kusini, pamoja na wenzetu wa Cincinnati na Dayton. Kwa hiyo ukiambiwa utafute kumbukumbu za ufilisi za eneo lako, eneo lenyewe ni wilaya hiyo. Na hata wilaya haitoshi kila mara: kampuni inaweza kufungua kesi mahali iliposajiliwa, ndiyo maana makampuni mengi makubwa utayakuta Delaware ingawa maduka yao yako mtaani kwako.

Usiku huo nilijisajili PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za shirikisho. Kujisajili ni bure, kusoma ni senti 10 kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3 hata ikiwa ndefu namna gani. Jambo lililonipa moyo ni kwamba ukitumia dola 30 au chini yake katika robo ya mwaka, hulipishwi kitu. Ila mita inahesabu kila kitu, hata kutafuta jina na kuambiwa halipo. Niliandika jina la biashara, lile lililochorwa kwa rangi ya kijani ubavuni mwa gari lake. Hakuna. Senti 10. Nikalibadilisha kidogo. Hakuna. Senti 10 nyingine.

Ndipo nikaenda kuitoa risiti kwenye droo. Juu kuna jina la biashara, chini ametia sahihi kwa jina lake mwenyewe, jina ambalo huku wanalo watu wengi kama Juma kwetu. Biashara haikuwa kampuni. Ilikuwa ni yeye tu na gari lake. Nilipotafuta kwa jina la mtu, wakaja 14, wengine wa miaka ya nyuma sana. Namba ya kesi ilinisaidia kuwachuja, kwa sababu tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka: iliyoanza na 25 imefunguliwa 2025. Wakabaki wawili. Anwani ya mmoja ilifanana na ile ya kwenye risiti, na kwenye ombi lake la ufilisi, pale mdaiwa anapotakiwa kutaja majina yote aliyotumia kwa miaka 8, palikuwa na lile jina la kijani la ubavuni mwa gari. Usiruke hatua hii ya kulinganisha. Tarakimu za namba ya hifadhi ya jamii, ile inayomtambulisha mtu hapa Marekani, zimefichwa zote isipokuwa nne za mwisho, kwa hiyo jina peke yake linaweza kukufanya umtukane mtu asiyekudai wala usiyemdai.

Kwa asiyetaka kompyuta, ipo pia laini ya simu ya bure inayojibu yenyewe. Unataja jina, inakusomea namba ya kesi, tarehe, jaji, na hali ya kesi. Haikusomei hati.

Sasa nilikuwa na daftari la kesi mbele yangu: orodha ya mambo yote yaliyotokea, kila moja na tarehe na namba yake. Kesi ilifunguliwa Juni, Sura ya 7. Sura ni aina ya ufilisi. Ya 7 maana yake mfilisi (msimamizi wa kesi, si mdaiwa mwenyewe) anakusanya mali isiyolindwa na sheria, anaiuza, anawagawia wadai. Ya 13 mtu anabaki na mali yake na kulipa kidogokidogo kwa miaka mitatu hadi mitano. Ya 11 mara nyingi ni ya biashara inayotaka kujipanga upya. Nikashuka mpaka chini ya daftari, nikakuta amri ya Oktoba ya kumfutia madeni. Nikafunga kompyuta nikalala nimenuna. Nilijua yamekwisha.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, na nadhani wengi wanakosea hapohapo. Kuna maneno matatu kwenye daftari yanayofanana kwa mtu mgeni. Kesi ikitupwa, mdaiwa amekosa ulinzi na madeni yake yako palepale. Madeni yakifutwa, yeye binafsi hadaiwi tena yale yaliyoguswa na amri. Jalada likifungwa, ndipo mahakama imemaliza. La pili si la tatu. Mdaiwa anaweza kufutiwa madeni huku mfilisi bado anauza vitu vyake, na fedha zile zinangoja wadai waliojitokeza. Mimi nilisoma amri ya kufuta nikadhani ndiyo kufuli.

Kilichonirudisha ni hasira tu. Nilitaka kumshtaki kwenye mahakama ya madai madogo, nikaenda masijala ya ufilisi mjini kuuliza kama naweza. Karani, mzee mpole mwenye miwani ya kamba, akanieleza kwamba tangu siku kesi inapofunguliwa, sheria inawazuia wadai kumsumbua mdaiwa: kushtaki, kupiga simu za kudai, yote. Na deni likishafutwa, zuio lile linakuwa la kudumu. Nikamshukuru Mungu kwamba ile simu ilikuwa haiiti. Akaniambia pia kuwa wao wanaweza kunionyesha karatasi ilipo lakini si kunishauri nifanye nini. Kwa hilo nimtafute wakili. Halafu akaninyooshea kidole kompyuta ya umma pembeni. Pale kusoma ni bure, unalipa ukichapisha tu.

Nilikaa pale karibu saa tatu. Nilianza na Jedwali A/B, mali za mdaiwa, na nikiri kwamba nililisoma kwa hamu ya kumkamata. Nilitegemea nyumba ya siri. Nikakuta sofa, televisheni mbili, nguo, pete ya ndoa. Fomu inauliza mpaka wanyama wa nyumbani, na yeye alijaza: mbwa mmoja, dola 0. Nilisimama hapo kidogo. Mtu anaapa mbele ya mahakama kwamba mbwa wake hana thamani, na mimi mgeni ninasoma. Baadaye kidogo nikafika kwenye Jedwali J, matumizi ya mwezi, nikalipita bila kulifungua.

Mimi nilikuwa Jedwali E/F, madeni yasiyo na rehani. Jedwali hilo lina sehemu mbili: ya kwanza ni ya madai yenye kipaumbele, ya pili ni ya wengine wote. Nilikuwa sehemu ya pili, jina langu limekosewa herufi, anwani ni ya nyumba niliyohama, kiasi dola 500, na kisanduku cha "deni linabishaniwa" kimetiwa alama. Ndiyo maana sikuwahi kupata barua hata moja. Zilikuwa zinakwenda kwa mpangaji mwingine.

Nikarudi kwenye daftari na kulisoma taratibu, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Taarifa ya kwanza kwa wadai ilisema haionekani kuna mali ya kugawa, kwa hiyo msiwasilishe madai mpaka mtakapoarifiwa. Wengi huishia hapo. Lakini baada ya kikao cha wadai, ambapo mdaiwa anahojiwa chini ya kiapo, palikuwa na mstari mfupi: mfilisi amepata mali, wadai wawasilishe madai. Mashine za useremala, nadhani, maana zilikuwa zimetajwa na thamani yake ilikuwa nzuri. Taarifa ya namna hiyo inawapa wadai siku 90 tangu itumwe. Nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki siku 19.

Fomu ya dai ina namba 410 na haina ada. Kisanduku kilichonihusu kiko kwenye swali la 12: fedha uliyotanguliza kwa bidhaa au huduma ya matumizi ya nyumbani ambayo hukuipata. Dai la namna hiyo lina kipaumbele hadi dola 3,800 kwa kesi zilizofunguliwa kuanzia Aprili 1, 2025. Katika foleni ya kisheria linakaa nafasi ya saba, na kodi nyingi za serikali ni ya nane. Nilimpigia wakili mmoja wa msaada wa kisheria kuhakikisha sijasoma ndoto. Akasema tia alama.

Nilibandika mkataba, risiti, na taarifa ya benki. Kabla sijaikabidhi niliifuta namba ya akaunti kwa kalamu nyeusi nzito nikibakiza tarakimu nne za mwisho, kwa sababu kila unachowasilisha nacho kinakuwa cha kusomwa na yeyote. Wino ukapenya hadi kwenye risiti iliyokuwa chini. Nikachapisha upya. Pia nikajaza taarifa ya kubadilisha anwani.

Wiki iliyofuata nilifungua sajili ya madai kwenye PACER. Dai namba 9, jina langu, herufi zote sahihi, dola 1,800, kipaumbele. Miongoni mwa walionitangulia kulikuwa na benki mbili, kampuni ya kadi, na muuza mbao. Siku tatu baadaye nikachungulia tena, likawa limeingia la 10. Mtu wa upande wa pili wa mji, ametanguliza dola 2,200 za ngazi ya ndani, na ametia alama kisanduku kilekile.