Siku moja maishani mwangu: mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya data

Saa 12 asubuhi. Naanza na kalamu na karatasi, kompyuta bado imefungwa. Wengi wanaoniuliza ninasomea nini hudhani ni kompyuta tu, kumbe miaka ya mwanzo ya shahada hii hesabu ndiyo inayokula muda. Leo nina swali la uwezekano la kumaliza kabla ya mhadhara. Ugonjwa fulani unawapata watu 10 katika kila 1,000. Kipimo kinawagundua wagonjwa 9 kati ya 10, lakini asilimia 9 ya wazima nao kinawaita wagonjwa. Mtu amepimwa, jibu limetoka kwamba anao. Je, kuna uwezekano gani kwamba anao kweli?

Akili hukimbilia asilimia 90. Sasa hesabu vichwa: wagonjwa 9 wamegunduliwa, na katika wazima 990 takribani 89 nao wamepewa jibu hilohilo. Jumla ni 98, na wenye ugonjwa ni 9 tu. Kwa hiyo uwezekano ni asilimia 9 hivi. Kanuni ya Bayes inasema hivyo kwa herufi, ila mimi huandika vichwa kwanza, herufi baadaye, na anayeanza kozi hii namshauri afanye vivyo hivyo.

Saa 2. Aljebra ya mstari. Mhadhiri anatuonyesha kwamba kupitisha mstari katikati ya nukta zilizotawanyika ni sawa na kuangusha kivuli cha vekta moja (orodha ya namba inayochorwa kama mshale) juu ya bapa. Njia yenyewe, ya kutafuta jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa (kila kosa, yaani umbali wa nukta kutoka kwenye mstari, likizidishwa kwa lenyewe), ilichapishwa na mwanahisabati Mfaransa Legendre mwaka 1805, alipokuwa akishughulikia njia za nyota zenye mkia (kometi) angani. Muhula uliopita nilikuwa naikokotoa bila kuiona. Leo nimeiona, na nimetoka darasani na furaha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyependa matrisi, yaani majedwali ya namba.

Saa 4. Maabara ya programu. Tunatumia Python, lugha ya kuandikia programu, na tumepewa jedwali la kusafisha. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wanafunzi wengi wanapochoka, kwa sababu hakuna kanuni ya kukariri.

Safu ya umri ina watu wenye miaka 999. Hao si wazee. Aliyejaza fomu alitumia 999 kumaanisha "hakusema". Ukipiga wastani bila kuangalia, wastani unapanda na kompyuta hainung'uniki hata kidogo. Safu ya tarehe ina 03/04, ambayo kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili na kwa mwingine ni tarehe 4 Machi. Safu ya kipato ina sifuri na ina nafasi tupu, na hivyo ni vitu viwili tofauti: sifuri ni mtu aliyejibu kwamba hapati kitu, nafasi tupu ni mtu ambaye hatujui lolote kuhusu kipato chake. Anayejaza nafasi tupu kwa sifuri ili msimbo uende amebuni watu maskini ambao hawapo.

Mwenzangu wa meza ya pili alipendekeza tufute mistari yote yenye nafasi tupu. Inawezekana, lakini swali ni nani wanaoondoka pamoja nayo. Tulipoangalia, mistari mitupu ilikuwa mingi zaidi kwa vijana. Kuifuta kungebakiza jedwali safi la watu wazima, nasi tungeliita jedwali la watu wote. Tumeiacha, tukaongeza safu ya pili inayosema ni wapi jibu halikupatikana. Mwalimu wa maabara alipita, akasoma, akasema tuandike pia sababu ya uamuzi huo. Saa mbili zimekwisha na hatujachora grafu hata moja, na kwangu hiyo ni kazi nzuri.

Saa 7 mchana. Chakula, haraka, halafu maktaba.

Saa 8. Takwimu, kwa lugha ya R. Katika programu hiyo mna jedwali la maombi ya masomo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973: waombaji 4,526 katika idara sita kubwa. Ukijumlisha wote, wanaume waliokubaliwa ni karibu asilimia 45, wanawake asilimia 30. Darasa zima lilisema hapo pana ubaguzi. Kisha tukaambiwa tutenganishe idara. Idara ya kwanza: wanawake asilimia 82, wanaume 62. Ya mwisho: wanawake 7, wanaume 6. Katika idara nne kati ya sita wanawake walikubaliwa kwa kiwango cha juu kuliko wanaume!

Sababu ni mahali walikoomba. Idara ya kwanza, iliyokuwa ikipokea wengi, iliombwa na wanaume 825 na wanawake 108 tu. Wanawake wengi walikwenda kwenye idara zinazokataa wengi wa kila jinsia. Mimi nasisitiza jambo ambalo darasani lilipita upesi: hesabu hii haisemi kwamba haki ilitendeka. Inahamisha swali. Kwa nini wanawake walielekea huko, na kwa nini idara hizo zilikuwa na nafasi chache? Jedwali halina safu ya hayo.

Saa 11 jioni. Kazi ya kikundi. Tunachunguza kama wanafunzi wanaridhika na kozi za mtandaoni. Tumepata majibu ya dodoso, na wengi wametoa alama za juu. Mmoja wetu alikuwa tayari anapanga rangi za chati. Nikauliza dodoso lilitumwa lini. Lilitumwa wiki ya mwisho, kwa waliomaliza. Walioacha njiani, ambao pengine ndio wenye malalamiko, hawakuulizwa. Tulibishana kwa muda mrefu, kwa heshima, kwa sababu tarehe ya kukabidhi iko karibu na kila mtu anataka kitu cha kuonyesha. Mwishowe tukakubaliana kubadili kichwa cha mradi kabla ya kugusa chati.

Saa 2 usiku. Zoezi la kujifunza kwa mashine: kutambua miamala ya udanganyifu. Modeli ya kwanza, yaani programu iliyojifunza kutokana na miamala ya zamani, imepata usahihi wa asilimia 99. Lakini miamala ya udanganyifu ni 1 katika kila 100, kwa hiyo hata modeli inayosema "halali" kwa kila kitu inapata 99 hizohizo bila kumkamata mwizi yeyote. Naangalia badala yake imekamata wangapi kati ya wadanganyifu, na kati ya iliowashuku wangapi ni wadanganyifu kweli. Sehemu ya data niliyoitenga kwa ajili ya jaribio la mwisho siigusi. Modeli iliyokwisha kuona mtihani haiwezi kupimwa nao.

Saa 4 usiku. Nawaandikia wenzangu wa kikundi: kesho asubuhi tumwombe mhadhiri orodha ya wote waliojiandikisha wiki ya kwanza, bila majina, ikionyesha wiki ambayo kila mmoja aliingia darasani mara ya mwisho. Tukiipata, tutajua walioacha ni wangapi na waliacha lini. Tukiikosa, kichwa cha mradi kitasema wazi: maoni ya waliomaliza.