Inaita

Leo siku ya nne, na neno la Da' Mage bado limenikaa kooni kama pumba ya uwele.

Jumapili tulikwenda Mpwapwa kwa mama. Tumeshakula, ugali wa uwele na mlenda, Elia akaibua habari ya ile ndege ya Malaysia iliyopotea, MH370. Mnanijua. Ile ndege ni ugonjwa wangu tangu Machi 8, 2014, na mama Neema alipoisikia tu alianza kukusanya sahani.

Baba mdogo akasema imetekwa, imefichwa kisiwani, watu wote 239 waliokuwamo wanalimishwa mashamba ya watu. Nikamuuliza, na kile kipande cha bawa kilichookotwa Pemba Juni 2016? Kilipelekwa Australia, wataalamu wakakikagua, Septemba wakathibitisha ni cha ndege ileile. Pemba, baba mdogo! Hapa hapa kwetu! Akasema Wapemba wana mambo yao.

Elia yeye anashikilia moto, kwamba kwenye mizigo mlikuwa na betri za lithiamu. Zilikuwamo kweli. Lakini moto gani huo unaoiacha ndege iruke karibu saa saba zaidi? Shemeji akaleta ya hewa: ilivuja, wote wakazirai, ndege ikajiendea yenyewe hadi mafuta yakaisha. Hiyo naiheshimu, maana mwaka 2005 ndege ya Cyprus ilianguka Ugiriki kwa namna hiyo. Ila aliyezirai hakati kona. Ripoti ya Malaysia ya 2018, pamoja na kukiri kwamba chanzo hakijulikani, ilisema ile kona ya kurudi nyuma ilikatwa kwa mkono.

Hapo nikawa nimepanda jukwaani. Nikawaeleza kwamba saa 7:19 usiku rubani aliaga vizuri tu, na dakika mbili baadaye transponda, kile chombo kinachowatambulishia waongozaji ndege ni ipi, ikanyamaza. "Mtu alizima," nikasema. "Na mtu hazimi bila ubaya moyoni."

Da' Mage, huku anachokonoa meno: "Wengine wanazima tu wasisumbuliwe. Muulizeni baba Neema."

Walicheka hadi mlenda ukampalia baba mdogo. Na mama, kwa sauti yake ile ndogo, akaongeza: "Lakini ilikuwa inaita."

Wakacheka tena. Nikacheka na mimi, ningefanya nini.

Mnaosoma hapa tangu zamani mnakumbuka ya Mei, kikao cha send-off ya binti wa baba mdogo. Kwenye kikao nilitaja laki mbili mbele za watu, mkopo ukakata mshahara wote, nikapata safari ya kikazi Manyoni na simu nikaizima siku mbili. Mama Neema nilimwambia huko mtandao ni shida. Huku nyuma wakadhani nimepata ajali.

Tangu Jumapili majibu yananijia yamechelewa. Nikiwa kwenye daladala: "Dada, wewe ahadi yako umemaliza?" Nikiwa naoga: "Heri mimi niliyezima, kuliko anayepokea anadanganya yuko msibani." Jana tumehamia ofisi mpya Mtumba, bosi kahutubia, sikumbuki alichosema, nilikuwa namjibu Da' Mage. Na mama ndiye aliyeniuma zaidi. Dada ni dada, lakini mama naye kuongezea?

Usiku huu nimekosa usingizi, nikarudi kwenye ndege yangu. Watu hudhani ilikata mawasiliano yote. Haikukata yote. Kulikuwa na kifaa ndani kilichoendelea kujibu setilaiti. Karibu kila saa setilaiti inauliza, upo? Nacho kinajibu, nipo, bila neno jingine, hadi saa 2:19 asubuhi. Katikati hapo ofisi za chini zilipiga simu mbili, saa 8:39 usiku na saa 1:13 asubuhi. Hazikupokelewa. Ziliita tu. Kwa yale majibu mafupi ndipo wakapima umbali na kujua watafute kusini mwa Bahari ya Hindi. Walipekua kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari, hawakuipata, Januari 2017 wakaacha.

Nikakumbuka kitochi.

Kitochi nilikuwa nacho Manyoni, kwenye begi, na laini yangu ya zamani ambayo siku hizi ni mama tu anayeipiga. Sikukizima. Kilikuwa kinalia, alfajiri, mchana, usiku, mlio mara mbili kinakatika. Mama alikuwa anabipu. Mimi nakitazama, sipokei, nikidhani naye anataka mchango.

Kumbe hakuwa anataka kitu. Watu wamejaa sebuleni wanapiga simu polisi na hospitali, yeye yuko uani na kisimu chake. Inaita. Kama inaita, mwanangu chaji anaweka, yuko mzima, ana yake.

Na hakuwaambia. Angewaambia wangenifuata hadi Manyoni. Amelikalia tangu Mei, kalitoa Jumapili nilipokuwa nachekwa, nami nikaona ananichimba.

Nimempigia sasa hivi, saa saba usiku, hapokei. Bila shaka amelala. Inaita.

Jingine: ule ufa wa juu ya mlango wa jikoni kwangu, niliowahi kuuandika humu baada ya tetemeko, leo nimeona umefika kwenye swichi ya taa. Fundi anasema ni plasta tu. Mbona kidole kinaingia?